Kidole cha Don Eustachio

Ijumaa Kuu, saa nane mchana, Don Eustachio Lamarca alikuwa amekaa jikoni kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na mkewe Donna Ersilia anamkata kucha. Zilikuwa kucha tisa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikwenda na mashine ya kupura ngano miaka ishirini iliyopita, na hapakuwa na mtu Serracupa asiyejua habari hiyo, kuanzia watoto wa shule hadi vipofu wawili wa ngazi za kanisa.

"Usizikate sana," alisema Don Eustachio. "Zikiwa fupi mno zitaonekana zimetengenezwa."

"Nazikata kama za mwaka jana."

"Na hapo penye pengo pasugue vizuri. Pasikae vumbi."

Donna Ersilia akapasugua.

Kila Ijumaa Kuu mtu mmoja wa mji wetu hubeba msalaba kutoka kanisani, huzunguka mitaa yote na kurudi. Huvaa kanzu nyeupe ya katani iliyoshonwa pamoja na kofia inayofunika kichwa chote, yenye matundu mawili ya macho. Miguu huwa mitupu, na mnyororo kwenye kifundo. Tunamwita Mtubu. Padri peke yake ndiye anayemjua. Ukiuliza ni nani, umetenda dhambi moja. Ukimtaja jina, mbili. Mababu walipanga hivyo ili mtu apate walau siku moja katika maisha yake ya kuwa si kitu mbele ya Mungu.

Don Eustachio alikuwa ameubeba msalaba ule miaka kumi na moja mfululizo. Kila mwaka wanawake waliopiga magoti kando ya njia waliinamisha vichwa kwa ibada mpaka usawa wa miguu yake, wakahesabu vidole, wakanong'onezana, "Ndiye." Unyenyekevu wake ulijulikana hadi vijiji vya ng'ambo ya mto.

Mtubu huanguka mara tatu, na huanguka palepale kila mwaka: mbele ya tanuri la mkate, mbele ya chemchemi, na mbele ya mlango wa mwisho wa mtaa wa chini. Kwenye anguko la tatu husema kimoyomoyo sala aliyofundishwa na padri: "Bwana, nivue nilivyovaa, nibaki jinsi unijuavyo." Don Eustachio alikuwa ameisema sala hiyo mara kumi na moja bila kudhurika.

Mlango wa mwisho wa mtaa wa chini ulikuwa wa Incoronata, mjane wa kibarua Canio Pace. Don Eustachio ndiye aliyemsimamia binti yao Vitina siku ya ubatizo, na kwa desturi zetu hilo ni undugu mzito kuliko wa damu. Undugu huo haukumzuia kumwua Canio.

Vyumba vya mvinyo huku vimechimbwa ndani ya mwamba, na zabibu huchachia kwenye matangi ya mawe yenye kina cha kumpita mtu. Mvinyo ukichacha hutoa hewa nzito ya kuua, isiyoonekana kwa macho, ikakaa chini ya tangi kama maji. Kwa hiyo kabla mtu hajaingia kukomba makapi, hushushwa mshumaa kwa kamba. Ukibaki unawaka, mtu anaingia. Ukizima, watu wote wanakaa nje, wanavuta sigara na kupiga soga mpaka kesho yake. Oktoba iliyopita mshumaa ulizima. Don Eustachio alikuwa na haraka, akasema ni upepo. Pangoni hamna upepo, lakini mnyonge hana haki, na Canio aliingia.

Polisi walipokuja, Don Eustachio aliwaambia marehemu alikuwa amelewa akateleza. Canio hakuwa mnywaji. Mvinyo ulimchoma tumbo tangu ujana, na hata harusini kwake alikunywa maji ya limau watu wakamcheka. Sasa akawa mlevi kwa maandishi. Mtu aliyekufa kwa ulevi hapigiwi kengele Serracupa, kwa hiyo naye hakupigiwa. Kijana aliyemposa Vitina akaghairi, akisema hawezi kuchanganya damu na walevi. Incoronata alikwenda kwa padri mara nne, akiwa amevaa shela yake nyeusi, kuomba kengele. Hakuomba kitu kingine. Mara zote nne alirudi hivyohivyo.

Basi mwaka huo, saa kumi na robo, Don Eustachio alianguka mbele ya mlango wa Incoronata, akasubiri kidogo ili watu waone, akasema sala yake. Mwaka huo alisikilizwa.

Hakujua mpaka walipofika sakristia. Padri Prospero alifunga mlango kwa ufunguo kama ilivyo desturi, akamfungulia vifungo vya mgongoni, na Don Eustachio akajinasua kutoka kwenye kanzu, akasimama pembeni na fulana yake, anajipangusa jasho. Kanzu ilibaki imesimama.

Padri alimtazama aliyetoka, kisha akaitazama kanzu.

"Canio," alisema, "umepitia wapi? Mlango nimeufunga mwenyewe."

"Canio gani tena, Padri? Ni mimi."

Padri hakubishana. Juu ya kabati palikuwa na kioo alichokitumia kunyolea ndevu, na Don Eustachio akajitazama humo. Aliona ndevu fupi za mvi, jino la mbele lililokatika na kovu la teke la punda juu ya nyusi. Ulikuwa uso wa Canio Pace, na miezi sita ya kaburini haikuuharibu hata kidogo.

"Pumzika, Don Eustachio," Padri aliiambia kanzu, akaisogezea kiti. Kanzu ikakaa. Kisha akamgeukia yule mwingine. "Na wewe pita mlango wa nyuma. Watu wasije wakasema Mtubu alikuwa na msaidizi."

"Nguo zangu ziko pale msumarini!"

"Zile za Don Eustachio," alisema Padri kwa upole. "Chukua koti la mpiga kengele. Ana mawili."

Don Eustachio alikwenda nyumbani kwa miguu, amevaa koti la mpiga kengele. Kanzu ilikuwa imeshapelekwa kwa gari la farasi. Alipoingia sebuleni aliikuta imekaa kwenye kiti cha kichwa cha meza, na Donna Ersilia anaipakulia maharage mapana yaliyopondwa, pamoja na mboga chungu ya mwituni, chakula chetu cha siku ya kufunga. Kanzu haikula, lakini haikukataa pia.

"Ersilia, nani huyo umemkalisha kwenye kiti changu?"

"Mume wangu," alisema Donna Ersilia bila kugeuka. "Na wewe Canio, vibarua wanapita mlango wa jikoni. Hata waliokufa."

"Mwanamke we! Nimelala na wewe miaka ishirini na saba! Una alama nyekundu chini ya titi la kulia!"

"Serracupa ni mji mdogo. Watu wanajua mambo."

Akaisogelea kanzu, akaikunjua mkono uliokuwa umejikunja. Ilikuwa imekaa nusu saa nzima bila kulalamikia chumvi. Baadaye aliwaambia wanawake wenzake kwamba Pasaka ile ilikuwa tulivu kuliko zote za ndoa yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe inaweza kukaa mezani na mwenyewe akafukuzwa.

Watumishi walimtoa nje bila ukatili, kwa kuwa wengi walimpenda Canio.

Alizunguka mji mpaka jua lilipokaribia kuzama. Watu walimsalimu, "Habari za huko, Canio?" wakaendelea na shughuli zao. Mwishowe alikosa pa kwenda, akabisha mlango wa mwisho wa mtaa wa chini.

Incoronata alifungua. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu sana, na mkono wake ukainuka ukakaribia kuligusa lile kovu. Kisha akainamisha macho mpaka chini.

"Uso ni wa mume wangu," alisema. "Miguu ni ya Don Eustachio."

Alipoitwa jina lake alilia. Tangu atoke sakristia hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

"Mama Vitina, nisaidie. Wewe unanijua."

"Nakujua sana. Mshumaa uliwaka au ulizima?"

Alitafuta pa kuyapeleka macho, akaona chumba kimoja tu, kitanda, meko, na punda nyuma ya pazia. "Ulizima," alisema.

Incoronata akakaa kwenye kigoda. "Haya," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najua. Usiniambie mimi. Nenda kaseme walipo watu, Canio apigiwe kengele."

"Nikisema nitarudishiwa uso wangu?"

"Mimi si mganga. Utalala kule na punda. Na usicheke mbele yangu. Yeye alikuwa anacheka."

Jumanne baada ya Pasaka alikwenda kituo cha polisi, haraka kweli, maana alidhani akisema tu atarudi kwake kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa kituo alikuwa anachonga penseli.

"Nataka kubadili maelezo ya kifo cha Canio Pace. Hakulewa. Mshumaa ulizima, nami nikasema aingie."

"Maelezo yalitolewa na Don Eustachio Lamarca," alisema mkuu wa kituo. "Ni yeye tu anayeweza kuyabadili. Wewe ni nani katika kesi hii?"

"Mimi ndiye Don Eustachio."

Mkuu wa kituo alifungua jalada, akalinganisha picha na uso uliokuwa mbele yake. "Wewe ni marehemu," alisema. "Marehemu hatoi ushahidi. Kila maiti angekuja hapa na toleo lake, tungelala saa ngapi?"

Akaenda kwa Padri Prospero. Padri alimsikiliza akiwa amesimama, kwa sababu aliyajua yote tangu Novemba, alipoyasikia kwenye kiti cha kitubio kutoka mdomo wenye heshima zaidi.

"Nakupa ruhusa, Padri. Yatangaze. Sema Eustachio Lamarca alidanganya. Mpigie mwenzangu kengele."

"Don Eustachio akinipa ruhusa nitatangaza Jumapili hii hii."

"Nimekupa sasa hivi!"

"Don Eustachio," alisema Padri akitazama juu, kwenye mbao mpya za paa ambazo nyumba ya Lamarca ilikuwa imezitoa, "ameketi kiti cha mbele tangu Ijumaa na hajafungua mdomo. Nitamlazimishaje?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba amefungiwa nje. Ukweli ulihitaji mdomo wa Don Eustachio, na huo haukuwepo tena. Palibaki mdomo wa Canio, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutia mvinyo Oktoba mbele ya polisi wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kifo hakikumngoja.

Jioni Incoronata alimuuliza, "Umesema?"

"Nimesema."

"Wamesikia?"

"Hapana."

"Basi na kesho."

Na kesho alisema, kwenye baa ya uwanjani. Alisimama kati ya meza, akavua kofia, akaeleza habari ya mshumaa tangu mwanzo. Watu walifurahi sana.

"Rudia hapo pa upepo, Canio!"

"Jamani kufa hakujamwachisha pombe huyu!"

"Mpe glasi, mpe, anaongea vizuri akipata ya pili!"

Walimsukumia glasi mkononi. Alipoirudisha mezani walisema amelewa tayari. Tangu siku hiyo hadithi ya mshumaa ikawa mojawapo ya starehe za mji, na wageni wakija waliletwa kuisikiliza. Aliisimulia kila jioni, neno kwa neno, huku wakimwiga kwa nyuma yake.

Alfajiri alisimama uwanjani pamoja na vibarua kusubiri kuchaguliwa. Egidio, nyapara wa nyumba ya Lamarca, alipita akiwabinya mikono ya juu mmoja mmoja, akimwambia huyu njoo, yule nenda. Ni Don Eustachio aliyemfundisha kubinya namna ile, kwa kidole gumba. Miezi miwili ya kwanza kila alipobinywa aliona aibu ya kumtoa machozi, na chini ya aibu hiyo alikuwa bado anahesabu siku za kurudishiwa uso wake. Alipiga jembe katika mashamba yaliyokuwa yake, akala mkate na pilipili kavu kivulini pa ukuta alioujenga yeye ili vibarua wasione barabara wakapoteza muda. Kwa mbali aliiona kanzu ikipita kwenye gari la farasi na mwavuli juu. Ilikuwa imeongeza mashamba mawili tangu Pasaka, maana watu wakija kubishana nayo bei haikujibu, na kimya kile kiliwavunja nguvu.

Badiliko lenyewe lilitokea Juni, na hakuna aliyeliona. Alikuwa anachota maji ya punda. Uso wa Canio ukamtazama kutoka ndani ya ndoo, na badala ya kujiuliza wangu utarudi lini, alijikuta anauambia, "Nisamehe, ndugu yangu." Alikaa pale chini mpaka punda akaanza kupiga kelele. Alipoinuka alikuwa hamdai tena mtu uso wake. Kama ungemwambia siku hiyo kwamba atakaa hivi hadi mwisho, angekuuliza tu kama kengele itapigwa.

Kanisani alikaa nyuma, sakafuni, pamoja na wanawake wa mtaa wa chini. Kiti chake cha zamani chenye jina kwenye kibati kilikuwa mbele, na kanzu juu yake. Hapo nyuma sala zilimfikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alipokuwa mbele alisikia zaidi watu wakimtazama kisogo. Mkesha wa Bikira Maria kupalizwa mbinguni alikwenda kuungama.

"Nani?" aliuliza Padri nyuma ya wavu. Miaka yote Don Eustachio alitaja jina, na Padri akamtolea mto wa kupigia magoti.

"Mwenye dhambi."

"Wako wengi. Wa nani wewe?"

"Wa Mungu, Padri. Hilo ndilo lililobaki nilipovuliwa mengine."

 Baadaye tulisikia kwamba usiku ule Padri Prospero alishindwa kula. Lakini asubuhi alikula vizuri.

Ikafika Oktoba. Zabibu zilikuwa nyingi, matangi yakajaa mpaka ukingoni, na nyumba ya Lamarca ilitaka tangi kubwa likombwe ndani ya siku mbili ili lipokee mavuno ya mashamba mapya. Vibarua kumi waliingia pangoni na Egidio. Kanzu ilikuwa imewekewa kiti karibu na mlango.

Egidio alishusha mshumaa kwa kamba. Ulifika usawa wa kiuno, ukazima.

 Egidio aliugeukia mlango kuomba amri. Kanzu ilikuwa imetulia, kisha mkono wake mmoja ukapepea kidogo kuelekea ndani.

"Don Eustachio anasema ni upepo," alisema Egidio. "Teodosio, wewe mwembamba. Ingia."

Teodosio alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na mkewe alikuwa amejifungua siku nane nyuma. Akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nyapara, tungoje kesho," alisema yule tuliyemwita Canio. "Hapa hapajawahi kuwa na upepo. Ni mimi niliyeutia upepo humu, mwaka jana."

"Umeanza. Haya, Canio, baadaye baa utatusimulia. Asiyeingia leo kesho asinionyeshe mkono wake uwanjani, na nyote kumi mnanielewa."

Walimwelewa. Kanzu ilikuwa na mashamba yote sasa, hapakuwa na pengine pa kubinywa.

"Vaa viatu vyako, mwanangu," alimwambia Teodosio. "Nitaingia mimi."

Alikwenda akasimama mbele ya kila mmoja wa wale tisa, mbele ya Egidio pia, akafungua kinywa akampumulia usoni. "Nuseni," alisema. "Nuseni vizuri mkumbuke. Sijanywa. Canio naye hakunywa." Walinusa. Palikuwa na harufu ya kitunguu na mkate. Teodosio alinusa huku analia. Kisha mtu yule akafanya ishara ya msalaba, akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi, ule wenye pengo, akashuka. Uso wake ulikuwa umetulia, wanasema, na hata alikuwa anatabasamu, kwa kuwa Incoronata hakuwepo wa kumkataza. Alifikiri safari hii ana mashahidi kumi.

Walimtoa kwa kulabu.

Mkuu wa kituo alikuja na penseli yake, akawahoji mmoja baada ya mwingine nje ya pango, na kanzu imekaa pale mlangoni inawatazama kwa matundu yake mawili.

"Mlikuwa karibu naye?"

"Karibu sana," alisema wa kwanza. "Alitupumulia."

"Alinuka nini?"

Kibarua aliutazama mlango. "Mvinyo," alisema.

Wa pili alisema mvinyo. Wa tatu alisema mvinyo mwingi. Teodosio alikuwa wa mwisho. Aliangalia viatu vyake, ambavyo kamba zake zilikuwa bado hazijafungwa, akasema, "Mvinyo, bwana mkubwa." Ana mtoto. Siku hizi mtoto huyo anatembea, na Teodosio hampiti Incoronata njiani. Akimwona anazunguka mtaa mzima.

Mwili uliletwa kwenye mlango wa mwisho wa mtaa wa chini, kwa kuwa ndio mlango wa Canio. Incoronata aliwaomba majirani watoke, akabaki na Vitina. Aliuosha uso bila kuuharakisha, akaligusa lile kovu safari hii, akalia kilio alichonyimwa mwaka uliopita walipomletea mumewe ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Kisha akasogea chini, akachukua maji mengine, akaosha na miguu.

"Mama, hii si ya baba," alisema Vitina.

"Najua ni ya nani. Nishikie taa."

Akaiosha kidole kwa kidole, vyote tisa, na lile pengo akalisugua. "Umesema, Don Eustachio," aliiambia. "Safari hii wamesikia."

Alikwenda kwa Padri Prospero mara ya tano. Padri alimwonyesha karatasi yenye maneno ya mashahidi kumi. Kengele haikupigwa. Karani wa manispaa naye alikataa kuandika kifo, kwa sababu Canio Pace alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, na mtu hafi mara mbili kwa cheti kimoja. Kwa maandishi, siku ile hakufa mtu. Walimzika pembeni ya ukuta, kando ya Canio mwingine. Misalaba miwili ya mbao, jina moja, na Vitina hajaolewa hadi leo.

Ijumaa Kuu iliyofuata, saa tisa, kanzu ilitoka kanisani na msalaba begani. Haikuwa imefungwa mnyororo, maana hapakuwa na kifundo. Msalaba ulielea taratibu juu ya mitaa yetu, na upindo wa kanzu ulipita shubiri moja juu ya mawe bila kuyagusa. Ilianguka mbele ya tanuri la mkate, ikaanguka mbele ya chemchemi. Mbele ya mlango wa mwisho ilianguka mara ya tatu, na haikusema sala yoyote. Incoronata alikuwa amekaa kizingitini anamenya maharage. Aliinama akachungulia chini ya upindo, akaona mawe matupu ya barabara. Akaendelea kumenya.

Wanawake waliopiga magoti upande wa pili waliinamisha vichwa kwa ibada mpaka usawa wa miguu.

"Umeona?" alinong'ona mmoja. "Kidole hakipo."

"Ndiye," alisema mwenzake, akafanya ishara ya msalaba. "Mwaka wa kumi na tatu huu. Sijapata kuona mtu mnyenyekevu kama yule."